Soksi za Kumkanyagia Mkwe

Mimi nilizaliwa kwa kutanguliza miguu. Kwa mkunga hilo ni balaa, lakini kwa majirani wa mama yangu lilikuwa tangazo la kazi. Mtu aliyetoka tumboni miguu kwanza, walisema, nyayo zake zina dawa ya mgongo. Mgonjwa analala kifudifudi juu ya ngozi ya ng'ombe, mwenye nyayo anampanda, anatembea polepole kutoka kiunoni hadi mabegani, anarudi, anashuka. Mgonjwa haulizwi anaumwa wapi wala tangu lini. Hiyo ndiyo ilikuwa hospitali, na daktari wake alikuwa bado hajaota meno ya ukubwani.

Nimekanyaga watu wengi na heshima zao. Nimemkanyaga mzee wa kanisa, nimemkanyaga karani wa mahakama, nimemkanyaga mwalimu wangu mwenyewe aliyenichapa asubuhi kwa kuchelewa mstarini na jioni akaja kulala chini yangu akiguna. Huyo nilimkanyaga kwa moyo wote. Wengi waliinuka, wakajinyoosha, wakatangaza kwamba wamepona, nami tangu nikiwa mdogo niliwadharau. Mgongo ulioumizwa na jembe hutulia ukipumzishwa, na mtu aliyelala kifudifudi wakati wenzake wako shambani tayari anapumzika. Lakini mwambie hivyo mtu mzima wa kwetu Bagara, Babati, uone. Atakwambia unaficha dawa.

Nilipopata ualimu na kuolewa hapo hapo Babati, nilidhani cheti kingenitoa kwenye migongo ya watu. Wapi! Ikaja ile miaka migumu ya themanini. Trekta la kijiji likasimama kwa kukosa dizeli, kisha likakosa betri, kisha tairi, mwisho kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva. Watu waliokuwa wamelisahau jembe la mkono wakalirudia kwa hasira, na migongo ikajibu. Zahanati ilikuwa na muuguzi mpole na kabati tupu. Ukienda na maumivu alikupa pole, maana pole ndicho kitu pekee ambacho hakikuwa kimeadimika. Basi nikitoka shuleni jioni nawakuta uani kwangu wamekaa upandeupande, kila mmoja ameshika kiuno. "Mwalimu, tumekuja kwa ajili ya miguu," wanasema, na mmoja anatoa kipande cha sabuni alichokifunga kwenye jani. Sikukikataa. Wakati ule tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, na anayejisifu leo kwamba angeikataa sabuni hakuwepo.

Mtu mmoja tu katika eneo lile lote hakuweza kukanyagwa nami hata angekufa, naye alikuwa baba mkwe wangu.

Alikuwa mtu wa nyanda za juu za Mbulu, mrefu, mkavu, Mkatoliki wa misa ya kwanza, aliyeteremka Babati akiwa kijana na kufyeka shamba lake kule Sigino kwa mikono yake. Tangu mama mkwe alipofariki alikuwa anakaa chumba cha uani kwetu, na kila siku akienda shambani kwa miguu na kurudi. Baina yake na mimi kulikuwa na ukwe, na ukwe wa kwao haukuwa wa mchezo. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hata kidole. Hakalii kigoda chake. Hamwangalii akiwa amevua shati. Mimi nikipita, yeye anakohoa, nami nakaa pembeni. Akihitaji chumvi anauambia ukuta, "Mwalimu angekuwa na chumvi," na mimi nauambia mlango kwamba chumvi inakuja. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimefundishwa chuoni kuhusu afya na usafi na mtu mpya wa ujamaa, na niliuona mchezo ule wa kuongea na kuta kuwa upuuzi mtupu. Niliufuata tu, nikiubeza kimoyomoyo kila siku.

Mgongo wake ulianza kuuma kabla ya mahindi kupandwa. Mwanzoni hakusema. Aliyesema alikuwa mkanda wake: alitoboa tundu jipya kwa msumari, kisha baada ya muda akatoboa jingine. Mimi ndiye niliyekuwa nafua shuka zake, na asubuhi nilizikuta zimelowa jasho kiasi cha kukamua, tena katika miezi ya baridi, upepo ukishuka kutoka mlima Kwaraa. Nilimwambia mume wangu.

"Ni jasho la kazi," akasema.

"Analima usingizini?"

"Wazee hutoka jasho."

Mume wangu alikuwa karani wa ghala, mtu mwema kabisa, na kwa jambo lolote linalohitaji kufikiri alikuwa na jibu fupi ili arudi kwenye redio yake. Nilimwambia pia kwamba mzee akilala ndipo maumivu yanapozidi, maana nilimsikia akiguna humo chumbani kwake, na kwamba migongo ninayoijua mimi ikilala inatulia. Akasema labda kitanda ni kibovu. Akakipigilia misumari mitatu, akaona ametibu.

Mzee alipoanza kutoka chumbani kwa kujishikilia ukuta, ukoo ukaitisha kikao. Mwenyekiti akawa baba mdogo, yaani mdogo wake mzee, mtu mnene mwenye sauti ya mnada ambaye hajawahi kukosa jawabu tangu nimfahamu. Wakakaa uani, mimi nikakaa jikoni na mlango wazi kidogo, nikisikia kila neno. Walijua dawa ilipo: ilikuwa jikoni, inapepeta mchele mchache wa mgawo. Tatizo lilikuwa ukwe. Watu wanatoka Maisaka kuja kukanyagwa hapa, walilalamika, halafu mzee wa nyumba hii hii anajifia kwa mgongo? Ni aibu hii. Wakabishana mpaka jua likasogea. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mtu anakonda. Hakuna aliyeuliza habari ya jasho. Walichokuwa wakitafuta ni namna ya mwanamke kupanda juu ya mkwe wake bila kumgusa.

Baba mdogo ndiye aliyeipata.

"Soksi," akasema.

Wote wakamgeukia, kwa macho ya watu walioona akili kubwa.

"Kinachokatazwa ni ngozi kwa ngozi," akaeleza. "Mwalimu akivaa soksi, na mzee akabaki na shati lake, hapo nani kamgusa nani? Ni nguo imekanyaga nguo."

Wakapiga makofi. Nakuambia kweli, walipiga makofi. Shida ikabaki soksi zenyewe, maana wakati ule kupata soksi dukani ilikuwa sawa na kupata samaki juu ya mti. Mume wangu akaenda hadi shuleni kwangu, akaazima soksi za mpira za golikipa wetu, ndefu, zenye mistari ya njano na kijani, zinazofika magotini. Zilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Baba mdogo akalichunguza lile tundu kwa makini, akaamuru lishonwe, kwa sababu hapo ngozi ingepenya na ukwe ungevunjika. Nikalishona mimi. Nikazivaa. Nilikuwa mwalimu wa serikali, mama wa mtoto, nimesimama uani kwangu na soksi za golikipa, nikisubiri kumpanda baba mkwe. Nilikuwa nimechoka nao kiasi kwamba ningempanda yeyote waliyenilazia.

Wakamwita mzee atoke. Akatoka akijishikilia ukuta, akaitazama ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa, akatazama ndugu zake, mwisho akaziona soksi. Hakuniangalia usoni, alizitazama soksi tu, kwa muda mrefu.

"Hizi ni za nini?" akauliza ukuta.

Baba mdogo akamweleza habari ya nguo kukanyaga nguo.

"Kwa hiyo nikifa," mzee akasema, "mtaniosha na soksi mikononi?"

"Kaka, tunatafuta nafuu yako."

"Mke wa mwanangu hatanipanda. Hata akivaa viatu vya askari. Toeni takataka hii." Akarudi chumbani kwake, akifuata ukuta ule ule. Ukoo ukatawanyika ukinung'unika kwamba mzee ni mkaidi, na mimi nikavua soksi nikisema moyoni kwamba mwisho wa siku ukaidi na ujinga ni mtu na ndugu yake. Sikuwa nimejua bado.

Hapo ndipo alipoingia fundi.

Alikuwa amekuja mjini hivi karibuni na kupanga chumba Maisaka, nyuma ya duka ambalo rafu zake zilikuwa na kiberiti na vumbi. Alijiita mtaalamu wa uti wa mgongo. Alisema amejifunza ng'ambo, na ng'ambo yake ilibadilika kulingana na anayeuliza: kwa Wakatoliki alisomea Italia, kwa Walutheri alisomea Ujerumani, kwa katibu wa tawi la chama alisomea Bulgaria. Alikuwa na koti jeupe, mchoro mkubwa wa mifupa ya binadamu ukutani, na benchi lililotoka kilabuni, kwa kuwa bado lilinuka pombe ya mtama. Kazi yake ilikuwa moja. Anakulaza ubavu, anakukunja goti, anaweka kiwiko begani na mkono nyongani, anakwambia utoe pumzi, kisha anakusokota ghafla. Mgongo unalia ko! Hiyo ko ndiyo dawa. Watu walijazana dirishani kuisikiliza, na ikitoka kubwa walishangilia kama goli limeingia. Mgonjwa ambaye mgongo wake haukulia alitoka akiwa na huzuni, anarudishwa kesho yake asokotwe tena.

Nilimpeleka huko mwalimu mwenzangu mara moja, nikamwona fundi kwa macho yangu. Kwa kweli mgongo wa mwenzangu ulilegea, akatembea vizuri, sitamnyima haki yake. Ipo migongo ya namna hiyo na pengine ilihitaji mkono wa namna hiyo. Lakini kila aliyeingia alipata kitu kile kile: mzee, kijana, mjamzito aliyeficha tumbo kwa kanga. Swali lake pekee kwa mgonjwa lilikuwa, "Umekuja na nini?" Ukileta kuku, unasokotwa kwanza. Nikasema huyu na mimi tunafanya kazi moja, ila yeye ana koti.

Mume wangu na baba mdogo wakampeleka mzee kwa fundi bila kuniambia. Najua kilichotokea kwa sababu baba mdogo alikisimulia kwa furaha kwa kila aliyekutana naye: ko yake ilisikika hadi barabarani, watu wakashangilia, mzee akainuka, akatembea mwenyewe mpaka nje. Kuku wetu mwekundu alibaki kule. Jioni mzee alikula vizuri, na mume wangu akanitazama kwa jicho la mshindi.

Siku mbili baadaye nilikuwa nafagia uani, mzee akapita akienda chooni, na fimbo mkononi. Nikasogea pembeni kama kawaida. Alivaa makatambuga yake ya tairi. Katikati ya uwanja katambuga la kushoto likamvuka likabaki nyuma. Yeye akaendelea. Akapita kwenye kokoto tulizozimwaga kwa ajili ya matope, mguu mtupu, haraka haraka, kama aliyevaa. Nikasubiri ageuke. Hakugeuka.

"Baba," nikauambia ufagio, "kiatu."

Akasimama, akainama kutazama. Alitazama mguu wake wa kushoto, kisha akatazama nyuma lilikobaki katambuga, kisha akautazama tena mguu, akaugonga kwa fimbo. Akaugonga kwa nguvu zaidi. Niliacha kuufuata ukwe, nikamtazama usoni. Yule mzee ambaye hakuwahi kuogopa hata afisa wa kodi alikuwa anaogopa.

Sikumwambia mume wangu kwa upole. Nilimwambia kwamba baba yake anakufa kuanzia chini, na kwamba asipomtafutia gari la hospitali leo nitakwenda kanisani Jumapili nimwambie padri mbele ya watu wote nani aliyempeleka kusokotwa. Alitoka mbio. Gari lililokuwa na mafuta lilikuwa moja tu, lori la mahindi linalopanda kuelekea upande wa hospitali ya misheni. Mume wangu akaomba, dereva akakubali. Mume wangu akapanda mbele na dereva, kwa sababu ya vumbi, alisema, ana kifua chepesi.

Mimi nikapanda nyuma na mzee. Njia ile ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na mashimo mengine, na mgongo ule haukupaswa kurushwa. Kumshika siwezi. Basi nikafanya nilichoweza: nikawaomba wapakizi wamlaze chali katikati ya lori juu ya gunia lililolala, kisha nikaburuta magunia ya mahindi nikayasimamisha kulia kwake, kushoto kwake, miguuni, na ya nusu nikayasukuma kila penye nafasi, hadi akabana kabisa, asitikisike. Nilimpanga kama chungu kinachosafirishwa mnadani. Kila lori lilipotumbukia, magunia yaligongana yeye akatulia.

"Mwalimu anajua kupakia," akaliambia anga.

Daktari wa hospitali ile alikuwa mtu mfupi, Mtanzania, mwenye sauti ya kukemea na kiburi cha kutosha ukoo mzima. Sikumpenda, na mpaka leo nikimkumbuka simpendi. Alitukuta chumbani akaanza kutukaripia kabla ya salamu. Alipomwambia mzee avue shati, mimi nikageukia ukuta.

"Huyu mama mbona kanipa kisogo?"

"Ni mkwe," mume wangu akasema.

"Basi abaki hivyo hivyo. Maumivu yalianza lini?"

"Juzi," mume wangu akajibu.

"Kabla ya kupanda mahindi," nikauambia ukuta.

Nadhani daktari aligeuka kuangalia kisogo changu. "Akilala yanapungua?"

"Yanapungua," mume wangu akasema.

"Yanazidi."

"Amekonda?"

"Mkanda una matundu mawili mapya."

"Homa? Jasho?"

"Shuka nazikamua."

"Wewe nyamaza," daktari akamwambia mume wangu, "nitaongea na ukuta."

Basi uchunguzi ule niliusikia kwa masikio tu, na sijawahi kusikiliza kitu kwa namna ile. Nilisikia vidole vikigonga mgongo wa mzee, pingili moja baada ya nyingine, kutoka juu kushuka, kwa utulivu, wala si haraka. Vikasimama. Mzee akavuta pumzi kwa meno. "Hapa?" "Hapo." "Pana kinundu. Hamkukiona?" Aliyekuwa na haki ya kuutazama mgongo ule, miezi yote hiyo alikuwa anatazama redio. Nikasikia kinyundo kikigonga magoti. Nikasikia daktari akimwambia asukume kwa mguu, avute, asukume tena, "sukuma mzee," na mzee akisema, "Nasukuma." Kisha daktari akasema, "Sasa nina pini. Nikikuchoma unyayoni useme."

Nikangoja mzee aseme. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Nikangoja.

"Daktari," mzee akasema mwishoni, "mimi niko tayari. Anza."

"Nimeshachoma mara nyingi, mzee."

Niliweka paji la uso kwenye ukuta ule. Niliogopa, niseme wazi. Nilimwogopea mzee yule ambaye kwa miaka yote hatukuwa tumeongea ila kupitia vitu.

Daktari akaeleza kwa maneno makavu. Huo haukuwa mgongo wa jembe. Ni kifua kikuu kilichoingia kwenye mifupa. Kimekula pingili, moja imebonyea, na inaibana mishipa inayopeleka nguvu na hisia miguuni. Akataka kujua nani ameugusa. Mume wangu akataja fundi, kwa sauti ya chini.

"Alimpima?"

"Alimsokota."

"Alimuuliza nini kwanza?"

"Alimuuliza amekuja na nini."

Daktari alitukana tusi ambalo sikutegemea kulisikia hospitali ya misheni. "Na kukanyagwa? Nyie watu wa huku nawajua. Amekanyagwa?"

"Hapana," mume wangu akasema. "Mwenye miguu ni huyu mke wangu. Na ni mkwe. Mzee alikataa."

Daktari akacheka mara moja, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Angempanda, ningekuwa naandika cheti kingine saa hizi. Haya. Ukwe wenu umefanya kazi ambayo akili zenu zimeshindwa."

Nilibaki nautazama ukuta. Lile jambo nililolibeza tangu siku ya harusi, ule upuuzi wa kuongea na kuta na vigoda, ndilo lililosimama kati ya nyayo zangu na mgongo ule. Cheti changu hakikuwepo pale. Afya na usafi ya chuoni haikuwepo. Nilikuwa nimevaa soksi tayari. Nilikasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia.

"Miguu siahidi," daktari akaendelea. "Atapata sindano na vidonge. Atavaa koti la plasta. Atalala chali, miezi. Hainuki kwa lolote, hata haja atafanyia kitandani."

"Mwalimu," mzee akaita.

"Naam, baba."

"Amesema nini hapo mwisho?"

Alikuwa amesikia vizuri. Alitaka nimwambie kwamba hakusikia vizuri.

"Amesema utajisaidia kitandani, baba. Mpaka miguu irudi."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya wauguzi."

"Na isiporudi?"

Nikauambia ukuta kwamba uji utakuja kila nitakapopata lori.

Mjini habari zikaenea kwamba hospitali imeshindwa. Baba mdogo alikuwa msemaji mkuu. "Mgongo haushikwi, hauchuliwi, haukanyagwi," alisema kwa kila aliyesimama, "sasa hiyo ni tiba gani? Wamemlaza tu!" Watu wakatikisa vichwa, wakamwendea fundi kwa wingi zaidi. Yeye alisema mgongo wa mzee ulikuwa umeanza kuitikia, hospitali ikamkatiza dawa. Aliendelea kusokota hadi ile operesheni ya nguvukazi ilipopamba moto, mgambo wakapita nyumba hadi nyumba kukamata wasio na kazi. Akaondoka na koti lake na mchoro wake alfajiri, bila shaka kwa kuona ugumu wa kueleza kazi yake ni ipi. Benchi likarudi kilabuni. Wale waliokuwa wanamshangilia dirishani wakaanza kurudi uani kwangu, nami nikawafukuza. Nilimwambia kila mmoja aende akapimwe kwanza. Waliniita mchoyo, na mmoja alisema elimu imeniharibia miguu.

Kila nilipopata lori nilipanda hospitali na uji kwenye chupa, maana hospitali ilikuwa na dawa za kifua kikuu lakini chakula ilikuwa kila mtu na ndugu zake. Nilisimama mlangoni mwa wodi, muuguzi akaupokea uji. Mzee alilala chali ndani ya plasta yake kuanzia kwapani hadi nyonga, anatazama dari. Wauguzi waliniambia kwamba hupitisha siku kadhaa bila kugusa chakula, anajinyima makusudi ili asijisaidie kitandani. Mume wangu alipokwenda alirudi akilalamika harufu ya wodi. Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki.

Mahindi yakavunwa bila mzee. Yakapandwa mengine. Siku moja muuguzi akaniambia mlangoni kwamba jana mzee alikuwa amelalamika shuka ina mchanga, unamkera nyayoni. Muuguzi alilisema kama lalamiko la kawaida. Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi, na chupa ya uji.

Siku ya kuikata plasta tulikwenda sote. Daktari aliikata kwa mkasi mkubwa huku akitukaripia, na mimi nilikuwa mlangoni nimeangalia nje hadi aliposema mzee amevaa shati. Nikageuka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, amekonda kama fito, magoti yamezidi mapaja kwa unene. Wodi nzima ilikuwa inatazama.

"Asimame," daktari akasema. "Akianguka tutajua."

Mume wangu akamshika kushoto, baba mdogo akamshika kulia. Wakamwinua. Mume wangu alikuwa anatetemeka kuliko mgonjwa, na baba mdogo alikuwa anaeleza kwa sauti namna mtu anavyopaswa kusimama. Mzee akawavumilia kidogo.

"Niacheni," akasema. "Mtaniangusha nyie."

Wakamwachia. Akayumba, akashika chuma cha kitanda. Kisha akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akanitazama usoni moja kwa moja.

"Mwalimu. Njoo hapa."

Nikaenda. Nikasimama mbele yake, sikujua niangalie wapi. Akaachia chuma cha kitanda, akanyoosha mkono, akauweka begani kwangu, mkono mkavu, mzito kuliko nilivyodhani. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa anakula aliacha kutafuna.

"Kaka!" baba mdogo akapaza sauti. "Huyo ni mkwe wako!"

"Namjua," mzee akasema. "Nataka kwenda chooni."

Tukatembea. Mguu wa kushoto aliuburuta, wa kulia uliinuka. Ujia wa wodi ile ni mrefu, na pande zote mbili watu walikuwa wamejiinua vitandani kutushangaa. Nilihisi uzito wake wote begani, kisha nusu, kisha kidogo tu. Tulipofika mlangoni mwa choo akatoa mkono wake, akaingia, akafunga mlango mwenyewe.